Mimi ni mzima wa afya, ila baiskeli imenishinda

SWALI

Shikamoo Bi Nesi. Mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni kwako. Baada ya salamu, mimi ni mchuuzi wa samaki hapa Tanga, umri miaka 46, nakaa Makorora. Alfajiri nachukua mzigo Deep Sea, naufunga kwenye baiskeli, nazunguka nao mitaa ya Ngamiani mpaka saa nne. Mwaka jana mwezi wa nane bodaboda alinigonga, mguu wa kushoto ukavunjika chini ya goti, nikafungwa hogo. Wiki ya tano nikashikwa na kichomi, pumzi haishuki, nikaanguka chooni. Hospitali ya kwanza walisema nimonia. Siku ya tatu nikakimbizwa Dar, nikapigwa siti skani, wakasema bonge la damu limetoka mguuni likaziba mshipa wa mapafu. Nikachomwa sindano za tumboni, halafu vidonge vya kuzuia damu kuganda miezi sita. Kliniki ya mwisho walinipiga eksirei, daktari akasema kifua safi, umepona.

Sasa ni mwezi wa nane tangu nianguke. Baiskeli yenye kilo 30 za samaki inanishinda. Pale pa kupandisha kutoka ufukweni nashuka nasukuma, na katika kusukuma nasimama mara tatu. Zamani nilikuwa sishuki kabisa. Usiku naamka kusikiliza kama bado nahema. Barazani wanasema najidekeza. Mke wangu hasemi kitu, lakini namwona anavyoniangalia. Binti yetu anasomea uuguzi. Alikuja likizo na karatasi ya Kiingereza yenye maswali kama 40, akawa ananitafsiria moja moja, eti anapima ubora wa maisha yangu. Nikacheka. Mimi samaki napima kwa mizani, maisha yanapimwa kwa mizani gani? Na je, baiskeli niiuze? Kuna jirani anaitolea macho.

Mchuuzi, Makorora

JIBU

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu nyekundu. Mstari wa kwanza unaniambia u mzima wa afya. Nusu ukurasa mbele unaniambia kilima kimekushinda na usiku hulali. Sikulaumu, ndivyo sote tulivyofundishwa kuandika barua. Na ndivyo tunavyosalimiana: nimewahi kumpigia hodi jirani yangu hapa Chumbageni, nikamwuliza hujambo, akajibu sijambo kabisa, karibu, ila usiku wa kuamkia leo tumefiwa.

Sijambo ni adabu. Kama kipimo haina uzito wowote. Naweza kuapa kwamba hata kliniki, daktari alipokuuliza unaendeleaje, ulimjibu "namshukuru Mungu," naye akaiandika hivyo hivyo kwenye faili: anaendelea vizuri. Faili likafungwa.

Nisijifanye msafi. Mimi mwenyewe nimeandika maneno hayo siku kumi mfululizo kwa mama mmoja, nikiwa bado wodini, jina la hospitali silitaji. Alijifungua kwa upasuaji, akapata bonge la damu mapafuni, Mungu akamnusuru. Kila asubuhi: umeamkaje? Salama, dada. Nami naandika. Siku moja nilikuwa nimeinama mwisho wa wodi natafuta kipimajoto kilichoviringika chini ya kitanda, nikamwona anakwenda msalani. Vitanda vilikuwa tisa mpaka mlangoni. Alikwenda akishika vyuma vya vitanda kimoja baada ya kingine. Cha nne akasimama, akafungua kanga akaifunga upya. Cha saba akasimama tena, akafungua kanga akaifunga upya. Kanga ilikuwa haijalegea hata kidogo. Alikuwa anatafuta pumzi, na hakutaka wenzake wajue.

Kesho yake sikumwuliza ameamkaje. Nilimwuliza: leo kanga umeifunga mara ngapi? Alicheka mpaka akakohoa, kisha ndiyo nikapata habari zake. Zilikuwa nyingi.

Karatasi ya binti yako inafanya kazi ileile: inauliza kanga imefungwa mara ngapi. Kwa maelezo uliyonipa nadhani ni dodoso liitwalo PEmb-QoL, lililotungwa Uholanzi mahususi kwa watu waliopata bonge la damu mapafuni. Lilitangazwa mwaka 2009, na mwaka uliofuata likathibitishwa kwa wagonjwa. Lina maswali 9 makubwa, na ukivihesabu vipengele vyote vinafika 40. Linakuuliza habari za wiki nne zilizopita: ni mara ngapi umeumwa nyuma ya makombe ya mabega, umebanwa kifua, mapafu yamewaka moto, pumzi imekata. Kuna kipengele kimoja kinachouliza kama unahisi "bado kuna kitu mle ndani." Nilipokisoma mara ya kwanza niliweka karatasi chini. Maneno hayo nimeyasikia kwa Kiswahili, kwa midomo ya wagonjwa ambao Uholanzi hawaijui hata kwenye ramani: nesi, mbona kama kuna kitu kimebaki?

Majibu hayajumlishwi yote kwa pamoja. Yanagawanywa mafungu sita, na mafungu wewe unayajua kuliko mimi. Kuna fungu la dalili zinatokea mara ngapi, na fungu la ukali wake. Kuna shughuli za kila siku kama kuoga, kuinama na kupanda ngazi. Kuna kazi ya riziki, kuna kujumuika na watu, na la sita ni la moyo: hofu, huzuni, hasira za karibu. Kila fungu lina namba yake, kwa sababu dagaa na nguru huwezi kuwachanganya kwenye sahani moja ya mizani ukasema hiki ni kilo nne za samaki. Mtu mmoja kifua kimefunguka ila hofu imemlaza kitandani. Mwingine haogopi kitu lakini ngazi tatu tu anatweta. Wote wawili ukiwajumlisha watatoka namba moja, na dawa yao ni mbalimbali.

Mwambie binti yako mambo mawili kutoka kwangu. Mizani hiyo imepinduliwa: namba kubwa maana yake shida kubwa. Dodoso jingine lililozoeleka sana, SF-36, linakwenda kinyume, kutoka 0 hadi 100, na 100 ndiyo uzima. Akizichanganya atampeleka daktari habari ya uongo kwa nia njema. La pili, tafsiri aliyokutafsiria kwa mdomo aiandike. Leo akikuuliza "unakata pumzi?" na baada ya miezi mitatu akakuuliza "unahema kwa shida?", hayo ni maswali mawili. Namba ikishuka hatujui kama ni kifua kimepona au ni swali limebadilika.

Tafsiri ni kazi ya watu wazima. Hilo SF-36 lilifanyiwa tafsiri ya Kiswahili Dar es Salaam na matokeo yake kuchapishwa mwaka 1999, na haikuwa kazi ya jioni moja. Lile la Kiingereza linauliza kama afya yako inakuzuia kusukuma mashine ya kufagilia zulia au kucheza gofu. Sasa hapa Ngamiani gofu ni nyumba iliyoezuka paa. Ukimwuliza bibi yangu kama anacheza gofu angekwambia mwanangu, mimi mwenyewe ndiye gofu. Anayetafsiri lazima atafute kazi ya hapa kwetu yenye uzito uleule: kubeba ndoo ya maji, kukuna nazi tatu, kuchutama kufua. Akikosea uzito, mizani imeharibika kabla hujaweka samaki.

Haya, kifua chako. Umeambiwa picha safi na wewe pumzi huna, kwa hiyo ama daktari mwongo ama wewe mwongo. Hakuna mwongo. Kanada walifuatilia wagonjwa 100 kwa mwaka mzima baada ya bonge la kwanza la mapafu, matokeo yakatoka mwaka 2017: ulipotimia mwaka, karibu nusu yao uwezo wa kufanya mazoezi ulikuwa chini ya inavyotakiwa. Vipimo vya mapafu na moyo havikueleza sana kwa nini. Kilichoonekana zaidi ni mwili uliolegea kwa kukaa. Wewe umekaa na hogo wiki tano, ukalazwa, ukaja kukaa tena kwa woga. Chukua futi ya fundi cherehani, pima unene wa shavu la mguu wa kulia, kisha wa kushoto. Utaona mwenyewe nusu ya jibu.

Nusu tu, lakini, na hapa nakuwa mkali. Katika kila watu 100 waliopata bonge la mapafu, kama 2 hadi 4 bonge lao haliyeyuki lote. Linabaki kama kovu ndani ya mishipa, upande wa kulia wa moyo unasukuma kwa nguvu isiyo ya kawaida, na polepole unachoka. Eksirei safi haiondoi shaka hiyo. Mwongozo wa madaktari wa moyo wa Ulaya wa mwaka 2019 unataka kila aliyepata ugonjwa huu aangaliwe upya baada ya miezi mitatu hadi sita, na mwenye kukata pumzi afanyiwe kipimo cha moyo cha mawimbi ya sauti, ambacho wengi mnakiita eko. Wewe uko mwezi wa nane. Rudi hospitali wiki hii, uombe eko. Ukiulizwa unaendeleaje, nakukataza kusema sijambo. Sema: kilo 30, kilima kile, nasimama mara tatu. Na kama kichomi kitarudi, au mguu utavimba, au utazimia ukijitahidi, usiningoje toleo lijalo, nenda usiku huohuo.

Umeona lakini? Unaniuliza mizani gani, na barua yako nzima ni mizani. Kilo zilezile, kilima kilekile, vituo vitatu. Hospitalini wana kipimo cha kumtembeza mgonjwa dakika sita kwenye ukumbi, mara nyingi wa mita 30, anakwenda na kurudi, wanahesabu mita. Chako hakina tofauti kubwa, mradi usibadilishe mambo: mzigo uleule, saa ileile, mara moja kwa wiki. Andika nyuma ya daftari la madeni. Eko ikitoka salama, anza na kilo 10, ongeza kidogokidogo kila ukiona vituo vimepungua. Ukianza na 30 kila siku utajichosha na kujikatisha tamaa, na daftari litaonyesha hivyo.

Kuna kipimo kingine cha pumzi, ngazi tano tu, 0 hadi 4, hakihitaji karatasi. Sifuri ni yule anayekata pumzi kwa kazi nzito sana peke yake. Moja, akiharakisha au akipanda kilima kidogo. Mbili, kwenye tambarare anabaki nyuma ya wa rika lake au inabidi asimame. Tatu, anasimama kila baada ya mita 100 hivi. Nne, hatoki nje, hata kuvaa nguo kunamfanya atwete. Wewe nakuweka moja, labda mbili. Ijumaa ijayo ondokeni pamoja na wenzako kwenda msikitini, barabara tambarare, msizungumze habari hii. Ukifika mlangoni nao, moja. Ukiwakuta wameshavua viatu, mbili.

Kuhusu usiku. Umeandika kwa haraka, mstari mmoja, kama mtu anayepita kaburini. Lile fungu la sita linauliza waziwazi kama unaogopa kupatwa tena, kama unaogopa kubaki peke yako, kama unaogopa kujitumikisha, kama unajiona mzigo kwa familia. Waliotunga hawakuyaweka hayo kwa kuwa wagonjwa wao ni dhaifu wa roho. Waliyaweka kwa sababu mtu ambaye pumzi ilimkatikia chooni, akaambiwa nimonia siku mbili nzima, ana sababu ya kuamka usiku kusikiliza. Hofu hiyo ni sehemu ya ugonjwa na ina namba yake, iwekwe mezani kwa daktari pamoja na vituo vya kilimani.

Mke wako hasemi kitu kwa sababu naye, nadhani, anaamka usiku kusikiliza kama unahema. Mpe karatasi ile aisome, au binti amsomee. Hao wa barazani waache. Mwanamume ambaye safari yake ndefu kwa siku ni kutoka kwenye benchi hadi kwenye dele la kahawa hana kilima cha kukupimia.

Baiskeli usiiuze. Jirani mwuzie samaki.

Kwa ufupi

Msomaji wa Pangani aliyeuliza kama aache kisamvu na mchicha kwa kuwa anameza wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda: usiache. Kula, ila kiasi kisipande na kushuka, maana leo sahani tatu na wiki nzima hakuna ndiko kunakovuruga INR, kipimo cha kuonyesha damu inachukua muda gani kuganda, ambacho kwa ugonjwa wako kwa kawaida hutakiwa kiwe kati ya 2 na 3. Na usimeze dawa za maumivu za dukani bila kuuliza.

SWALI

Bi Nesi, mimi niko Bagamoyo namtunza mama yangu, miaka 71. Alivunjika nyonga, akafanyiwa upasuaji, akapata damu kuganda mapafuni. Kliniki wanamwuliza maswali ya ubora wa maisha kila anapokwenda. Mama hajui kusoma. Akiulizwa ananiangalia mimi nijibu. Nijibu? Mimi ndiye ninayemwogesha, hakuna nisichokijua.

Binti wa Mama, Bagamoyo

JIBU

Usijibu, mwanangu. Najua unajua. Anayemtunza mgonjwa huona vizuri yanayoonekana: hatua, chakula, uvimbe. Ya ndani humpita, hata kama analala naye chumba kimoja. Wewe unamwogesha, ndiyo, lakini kama anajiona mzigo kwako, wa mwisho kuambiwa ni wewe.

Omba asomewe, na wewe utoke nje kidogo. Wakikutaka usome wewe, soma swali kama lilivyoandikwa, usiongeze "si unajua ile siku ulipo..." Wiki nne kwa mtu wa makamo yake hazishikiki, lakini mwandamo wa mwezi anaujua kuliko kalenda ya ukutani. Mwambie: tangu mwezi huu uandame. Inakaribiana.

Angalia jambo moja. Kuna dodoso fupi, EQ-5D, lina maswali matano na mchoro kama kipimajoto, chini 0 na juu 100, mgonjwa anaonyesha afya yake ya leo iko wapi. Wazee wetu wengi niliowaonyesha walipeleka kidole moja kwa moja kwenye 100. Mmoja alikuwa na hewa ya mtungi puani. Nikamwuliza bibi, mia? Akanijibu: nimkufuru Mungu mwanangu, na pumzi bado ananipa?

Tangu hapo nikawa nasema nao kwanza, tunamshukuru Mungu pamoja kwa sauti, tukimaliza ndipo nauliza: haya, shukrani tumeshatoa, sasa mwili wenyewe uko wapi? Yule bibi alirudisha kidole taratibu mpaka 40.